Idi Mbili na Pishi la Saba

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa mikono ambayo haikutetemeka mpaka wiki ya mwisho ya kazi. Katika maabara, uzee hauogopwi kwenye macho, maana miwani ipo, wala kwenye masikio, ambayo hayana kazi kubwa. Unaogopwa kwenye mikono. Mkono ukianza kucheza juu ya chupa ya asidi, wenzako huanza kukuita mzee kwa sauti nyingine. Mimi waliniita Haji miaka mingi kabla sijaiona Makka, kwa sababu tu ya kanzu ya Ijumaa. Nilipokwenda kweli na kurudi, hawakuwa na jina jipya la kunipa.

Dr. Kirabo, mkuu wa maabara yetu ya famasia hapa Kampala, ameniambia niwaandikie nyinyi mnaobaki mambo ambayo hayamo katika mwongozo. Ya vyeo sitaandika, havikuwa vingi. Ya mshahara kila mtu anajua ya kwake. Nitaandika kuhusu kuosha. Nimeosha vitu maisha yangu yote ya kazi, kwanza chupa, halafu oksidi ya grafini, na kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa la kuosha. Halikuniumiza mimi. Lilimwumiza binti anayeitwa Akello, ambaye bado yuko hapo maabara, kwa hiyo ninaandika nikijua kwamba atasoma.

Nilizaliwa katika nyumba za polisi, Naguru. Baba alikuwa koplo kutoka Arua. Lugha ya safu yetu ya nyumba ilikuwa Kiswahili, kwa sababu jirani wa kulia alikuwa Mwacholi, wa kushoto Mteso, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kujifunza lugha ya mwenzake. Baada ya shule nilikwenda kusoma Kurani kwa mjomba wangu Nateete. Mjomba alitaka niwe imamu. Nilisoma vya kutosha kumwongoza mtu katika sala, na vya kutosha pia kujua kwamba uimamu si wangu. Nikatafuta kazi ya mikono.

Kazi niliyopata ilikuwa ya kuosha vyombo vya maabara, chini ya Mzee Ssenyonga, Muganda mfupi aliyechanganya r na l hata katika jina langu, aliyevaa koti jeupe lililofungwa vifungo vyote hata wakati wa joto. Siku ya kwanza alinipa chupa moja. Moja tu. Nikaiosha, nikampelekea.

"Wewe Lajabu, imetakata?"

"Imetakata, mzee."

Akaijaza maji, akaimimina, akaishika mbele ya dirisha. "Ona. Maji imesimama matone-matone. Chupa safi, maji inateremka kama shuka. Ludia."

Nilirudia chupa ile mpaka saa ya chai, na baada ya chai nikairudia tena. Alasiri maji yalipoteremka kama shuka, Mzee Ssenyonga hakunisifu. Alinipa ya pili. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba nimeosha chupa mbili kutwa nzima, akaniuliza kama nimefukuzwa.

Mzee Ssenyonga alikuwa na kanuni nyingi, nyingine za ajabu. Hakuruhusu mtu apige mluzi karibu na mizani. Lakini moja nawaandikia kama alivyoisema, kwa sababu ndiyo niliyokuja kuivunja: "Andika ulichoona na macho yako. Ukiandika ulichofikilia, wewe unakuwa nabii, na nabii hatuna nafasi yake hapa." Alipostaafu aliniachia daftari la kuosha, nami nikalishika miaka yote iliyofuata. Kila kitu kilichooshwa kiliandikwa humo: nini, kwa kitu gani, mara ngapi, na saini.

Sasa nije kwenye kaboni. Dr. Kirabo alirudi kutoka masomoni na mfuko wa unga mweusi, akatuita mimi na Wekesa. Wekesa ni mtunza stoo, mtu wa Bungoma upande wa Kenya, mwimbaji wa kwaya, na mkono wake mmoja ulikuwa maabara siku zote ingawa cheo chake kilikuwa stoo. Dr. Kirabo alitumwagia unga ule kidogo kwenye karatasi. Ulikuwa grafiti, kitu kile kile kilichomo katika penseli.

Alitueleza hivi, nami sijapata maelezo bora zaidi. Grafiti ni kurasa zilizolala juu ya kurasa, na kila ukurasa una unene wa atomu moja tu ya kaboni. Ukizibandua na kuzitia oksijeni ili zikubali maji, unapata oksidi ya grafini. Ukurasa mmoja hauna ndani, una pande mbili tu, na pande zote mbili zinabeba. Dawa inalala juu yake kama mtu anavyolala mkekani. Dawa tuliyoitaka ilale pale ni ile nyekundu ya saratani ambayo wauguzi huishika kwa uangalifu mkubwa. Inaua uvimbe, lakini inachosha moyo wa mgonjwa. Tumaini ni kwamba ukurasa utaibeba dawa bila kuiachia katika damu, na utaiachia ukifika kwenye uvimbe, kwa sababu huko kuna uchachu zaidi kidogo. Sisi tuliifanya kazi hiyo kwenye seli zilizooteshwa katika visahani. Hatujawahi kumpa mgonjwa hata tone. Mtu akikuuliza huko sokoni Nakivubo kama maabara yenu imepata dawa ya saratani, mwambie hivyo hivyo, hata akikasirika.

Kila tulipotengeneza oksidi hiyo tuliita pishi, maana ilikuwa kupika kweli. Grafiti katika asidi kali, chombo ndani ya barafu, halafu pamanganeti, zile chembe za zambarau, kijiko kwa kijiko. Ukiharakisha, chombo kinapata moto na wewe unapata habari. Katika pishi la pili, jokofu la barafu liliharibika, na Wekesa akaenda kuomba barafu kwa wauza samaki. Joto lilitulia, pishi likafaulu, na kwa siku tatu maabara ya famasia ilinuka ngege. Mwisho kabisa unatia peroksidi, na kile kitope cha kahawia kinageuka rangi ya dhahabu mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilisema Subhanallah. Wekesa alisema, "Hiyo ni haradali, Haji. Lete mkate."

Kupika ni siku moja. Kuosha ni zaidi ya wiki, na hapo ndipo wengi huchoka. Kwanza unaosha kwa asidi hafifu, mara tatu, ili kutoa manganizi iliyotokana na ile pamanganeti. Manganizi haionekani kwa macho, na maji matupu hayaitoi yote. Inang'ang'ania zile kurasa. Baada ya asidi unatia kile kitope katika mifuko myembamba mirefu inayopitisha uchafu mdogo na kuzuia kurasa zenyewe. Mifuko hiyo sote tuliiita soseji. Soseji zinalala katika beseni la maji yaliyokenekwa, na maji yanabadilishwa asubuhi na jioni mpaka uchachu wake uishe. Usipotoa manganizi, itaua seli yenyewe, na wewe utadhani dawa ndiyo iliyoua.

Kwa kuwa maji hayajui sikukuu, mimi na Wekesa tulikuwa na desturi yetu. Krismasi na Pasaka nilisimama mimi, naye akaimba. Idi zote mbili alisimama yeye. Hatukuandikiana barua wala kumwomba mtu ruhusa. Dr. Kirabo alijua, na alipenda, kwa sababu katika maabara nyingine sikukuu zilikuwa chanzo cha vijembe.

Akello aliingia wakati wa pishi la nne, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kiswahili cha kambi, nami nikajua kabla hajasema: baba yake alikuwa sajini, Naguru ile ile, safu nyingine ya nyumba. Ni Mkatoliki, Mwacholi, mcheshi, na mkali wa kazi. Aliniuliza maswali ambayo watu huona aibu kuuliza.

"Haji, kwa nini asidi mara tatu? Si mbili?"

"Mara ya tatu ndiyo ya kuhakikisha."

"Hiyo ni ya dini ama ya sayansi?"

"Imeandikwa kwenye mwongozo wa Dr. Kirabo, na Dr. Kirabo anakwenda kanisani. Endelea kuosha."

Pishi la saba lilianguka mwishoni mwa Ramadhani. Tulitia peroksidi siku ya Jumatano mchana, tukaacha kitope kitulie katika chupa kubwa. Ubao wa kazi ulisema: Alhamisi, asidi mara tatu. Ijumaa, kwenye soseji. Idi ingeweza kuwa Alhamisi au Ijumaa, kutegemea mwezi. Nilimwambia Wekesa, "Siku ya Idi ufuate ubao. Siku nyingine ni yangu." Akasema, "Sawa, Haji, mimi nitasikia."

Nyinyi Waislamu mnajua, na nyinyi wengine mmewahi kuona mkashangaa: hapa Kampala kuna miaka tunayosali Idi mbili. Wako wanaongoja mwezi uonekane hapa, na wako wanaokubali ukionekana penginepo. Wote wana dalili zao na sitawahukumu hapa. Jumatano baada ya magharibi nilipigiwa simu kutoka msikiti wetu kwamba mwezi umeonekana kwingine, na kesho ni Idi. Nikamshukuru Mungu, nikawaambia watoto. Redio ilitangaza kwamba mwezi haukuonekana, na Idi ni Ijumaa. Mimi redio sikuisikiliza, kwa kuwa nilikuwa na jibu langu. Wekesa alisikiliza redio.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi nilisali, nikala pilau, nikakaa na wajukuu, nikijua Wekesa yuko maabara na asidi. Wekesa alikuwa stoo jengo la pili, akijua mimi niko maabara na asidi. Chupa ya pishi la saba ilikaa peke yake kutwa nzima.

Ijumaa alfajiri Wekesa alifika, akasoma mstari wa Ijumaa kwenye ubao, akatia kitope katika soseji, akazilaza majini, akapanda gari kwenda kwao kwa mapumziko. Mimi nikafika saa tatu. Nikaona soseji zimelala vizuri katika beseni. Nikasema moyoni, mtu huyu Mungu ambariki, amemaliza asidi jana na leo amenitangulia tena. Kitope kilichooshwa kwa asidi na kisichooshwa hufanana kabisa kwa macho. Nikafungua daftari. Mstari wa Alhamisi ulikuwa mtupu. Nikaandika: asidi hafifu, mara tatu. Nikasaini.

Jumatatu nilimwona Wekesa mlangoni, nikamwambia, "Ahsante kwa Idi, ndugu yangu." Akanijibu, "Karibu, Haji." Ndivyo kosa lilivyopita kati yetu, kwa adabu.

Akello alilaza dawa nyekundu juu ya pishi la saba, akaipeleka kwenye seli za saratani ya matiti. Baada ya siku tatu alinivuta mkono mpaka kwenye hadubini.

"Haji, angalia. Angalia! Yote imekufa!"

"Zote?"

"Hata kwa ile dozi ndogo. Dawa peke yake haifanyi hivi. Banange, hii kurasa inabeba dawa mpaka ndani!"

Alikuwa amepima pia ukurasa usio na dawa, kama inavyotakiwa, ili ajue kwamba ukurasa wenyewe hauui. Lakini pishi la saba lilikuwa dogo na lote alilitaka kwa dawa, basi kwa kipimo hicho alitumia pishi la tano lililokuwa limebaki. Pishi la tano lilikuwa safi, na seli ziliishi. Hakukosea kwa uzembe. Aliliamini daftari, na daftari lilisema mapishi yote mawili yameoshwa sawasawa.

Matokeo yake yalipendwa. Dr. Kirabo aliyapeleka kwa maabara moja ya ng'ambo anayofahamiana nayo, na maabara hiyo ikampa Akello nafasi ya kwenda kufanya kazi nao mwaka mzima. Mama yake alikuja kutoka Naguru na chupa za soda za kutosha jengo zima. Alinishika mikono miwili, akasema, "Afande Haji, mtoto wenu anaenda." Nikaitikia amina.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, nikiwa nimebakiza majuma saba kustaafu, nilikwenda stoo kumkumbusha Wekesa. Alikuwa akipanga glavu.

"Sasa Haji, safari hii uniambie mapema. Idi ni ya redio ama ni yako?"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Ati tofauti gani! Mara ile si nilikuja Ijumaa, nasikia baadaye watu wengine walikula pilau Alhamisi. Ningejua ningekuja kula kotekote."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. "Ulikuja Ijumaa?"

"Si ndiyo ilikuwa Idi?"

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi si ulikuwa wewe?" Akaniangalia. "Haji? Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Asidi, Wekesa. Asidi nani alifanya?"

Wekesa aliziweka glavu chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuta chupa, nikafuata mstari wa Ijumaa. Bwana Yesu."

Sitawaambia kwamba nilikimbia moja kwa moja kwa Akello. Nilikwenda nyumbani. Nilikaa na jambo lile usiku ule na kesho yake kutwa. Nilijua kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, kwa sababu Wekesa aliniachia mimi niamue, na daftari lilikuwa limekaa upande wangu. Nilijua pia kwamba nikisema, nafasi ya Akello huenda ikaondoka, na tiketi yake ilikuwa tayari inazungumzwa. Niliweza hata kujidanganya kwamba kunyamaza ni huruma.

Lakini mimi huwafundisha watoto msikitini siku za Jumapili, na somo mojawapo ninalofundisha ni hili: dhambi iliyo kati yako na Mungu, utatubu kwa Mungu. Haki ya mja mwenzako, Mungu mwenyewe amekutuma kwake kwanza. Umwendee, useme ulichofanya, umwombe. Nimelirudia somo hilo mara nyingi sana, na nilikuwa nalifundisha kama mtu anayefundisha njia ya kwenda mji ambao hajafika. Jioni ya siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta Akello peke yake akiandika maelezo ya michoro.

"Akello, acha kalamu kidogo."

"Haji, sina muda, kesho nampelekea Dr."

"Pishi la saba halikuoshwa kwa asidi."

Akaniangalia huku akitabasamu, akingoja mwisho wa mzaha. Nikamweleza yote, mwezi, redio, soseji. Tabasamu liliondoka polepole.

"Lakini iko kwenye daftari."

"Niliandika mimi."

"Ulisaini."

"Nilisaini."

"Uliona kwa macho?"

"Sikuona. Nilifikiri."

Akasema, "Kwa hiyo ni manganizi imeua."

"Sijui. Inawezekana."

"Inawezekana!" Akasimama. "Haji, mama alileta soda! Nimeaga watu! Mimi nilikuwa napima mara mbili kila kitu yangu, kila kitu, lakini ya kwako sikupima, kwa sababu ni ya Haji!"

Nikamwomba msamaha pale pale. Nilikuwa nimeyapanga maneno, na yote yalikuwa sahihi. Akasema, "Haji, toka tu. Tafadhali." Nikatoka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekwisha kufika. Kulikuwa kumebaki kitope kidogo cha pishi la saba kisichotiwa dawa, mabaki ya chini ya chupa. Akakiweka kwenye seli, bila dawa yoyote. Hakunifukuza, wala hakunisemesha. Tulingoja siku tatu. Siku ya tatu alitazama kwenye hadubini, akasogea pembeni, akanipisha niangalie. Seli zilikuwa zimekufa, bila hata tone la dawa nyekundu.

Tulikwenda kwa Dr. Kirabo sisi watatu, mimi, Akello na Wekesa, ambaye alisisitiza kuja ingawa nilimwambia kosa si lake. Dr. Kirabo alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Haji, katika daftari hilo kuna mistari mingine ya namna hii?" Swali hilo lilinichoma kuliko kelele, na lilikuwa swali la haki. Nikasema sijui mwingine, lakini nisiaminiwe kwa neno langu, mapishi yote yapimwe. Yalipimwa. Mengine yalikuwa safi, namshukuru Mungu. Kisha Dr. Kirabo akavuta kompyuta, akasema, "Barua tunaiandika leo. Akello, kaa hapa, uiandike wewe, mimi nitasaini."

Wale wa ng'ambo walijibu kwa upole sana. Walisifu uaminifu wetu, wakasema nafasi ya mwaka huu itakwenda kwa mtu ambaye matokeo yake yamekamilika. Ilikuwa barua fupi.

Pishi la nane tulilifanya katika majuma yangu ya mwisho. Akello alisimama karibu nami katika kila hatua. Asidi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara akapima maji yaliyotoka, akaandika yeye. Sikuona ni dharau. Kama ni dharau, ilikuwa stahili yangu. Nilimwonyesha mambo yale madogo ambayo hayaandikiki: jinsi ya kufunga soseji isivuje, jinsi ya kuacha nafasi juu kwa sababu kitope kinavimba kikikaribia kutakata, jinsi ya kutoikasirikia mashine inayozungusha chupa ili kitope kitulie, umeme ukikatika katikati. Aliuliza machache. Maswali yake ya zamani ya utani hayakuwepo, na niliyakosa.

Matokeo ya pishi la nane ni haya, na yanatosha kwa tasnifu ya mtu mwaminifu. Ukurasa peke yake hauui. Ukurasa wenye dawa unaua, lakini hauishindi dawa peke yake, unachelewa kidogo. Palipo na uchachu unaachia dawa zaidi kuliko pasipo na uchachu, kama tulivyotumaini. Si muujiza. Ni njia inayoonyesha kwamba haijafungwa, na anayekuja nyuma anaweza kupita. Katika tasnifu kuna ukurasa mzima unaoeleza pishi la saba. Akello aliniuliza kama aandike "fundi wa maabara" au jina. Nilimwambia aandike jina.

Siku aliyomaliza kuchora michoro mipya nilimwomba msamaha mara ya pili. Safari hii sikupanga maneno.

Alifikiri, akizungusha kalamu. "Haji, nafasi yangu ilienda. Siwezi kusema haikuwa kitu."

"Usiseme."

"Lakini nimewaza. Kama ningefika huko na ile mchoro, wangerudia, ingekataa. Mimi niko peke yangu, nchi ya watu, naitwa mwongo. Hiyo pia nimewaza." Akaacha kuizungusha kalamu. "Kwa hiyo nimekusamehe nusu. Hiyo nusu ingine bado iko na hasira."

"Nusu nimeipokea."

"Na usiniulize kila wiki, bambi, tafadhali. Mimi nitasema nikiwa tayari."

Mjomba wangu angesema msamaha hauna nusu. Mimi nimesoma alivyosoma yeye, na sikuona mahali palipoandikwa kwamba mwenye haki lazima aitoe yote kwa siku moja. Sijamwuliza tena.

Siku yangu ya mwisho kazini walifanya hafla fupi. Dr. Kirabo alisema maneno mazuri, mengine ya kweli. Wekesa aliimba wimbo wa kwaya, akabadilisha jina moja ili nisione vibaya, watu wakacheka. Baada ya keki nilikumbuka kwamba maji ya jioni ya pishi la tisa, tulilokuwa tumelianza karibuni, hayajabadilishwa. Nikavaa koti juu ya kanzu, nikaingia maabara. Nilimwaga maji ya zamani, nikasuuza beseni mara mbili, nikamimina maji mapya taratibu ili soseji zisigongane, nikapima uchachu. Nilipogeuka, Akello alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, na kipande cha keki mkononi.

Nilichukua daftari nikampelekea, kama tulivyozoea tangu pishi la nane, aandike yeye. Hakulipokea. Alilifungua tu kwa kidole kwenye mstari wa siku ile, akanipa kalamu.

"Saini, Haji," akasema. "Mimi nimeona."

Nikasaini.